Shakwe wa Pwani ya Bagamoyo: Historia ya Kuwatambua Wenyeji na Wageni

Katika ukanda wa pwani unaoanzia Msasani, ukapita Kunduchi, Mbweni, Mbegani na Bagamoyo hadi mlango wa mto Wami, shakwe wanaotazamiwa kila mwaka ni wa aina tano. Shakwe kichwa-kijivu ni wa Afrika hii hii, na huzaa hasa kwenye maziwa ya bara. Shakwe wa Hemprich, mwenye rangi ya masizi, huzaa kwenye visiwa vya Bahari ya Shamu, vya Somalia na vya Kiunga, kaskazini mwa Kenya. Waliobaki ni shakwe kichwa-cheusi, shakwe mgongo-mweusi mdogo na shakwe wa Heuglin. Hawa watatu huzaa Ulaya na Asia ya kaskazini, hushuka pwani wakati wa kaskazi, kisha hurudi kwao. Mara chache sana hujichanganya nao shakwe asiyetazamiwa, aliyepotoka njia yake akiwa ametoka kusini mwa Afrika, Bahari ya Shamu, Asia ya kati au hata Amerika. Kumtambua mgeni huyo kunategemea kuwajua kwanza wale watano, na ujuzi huo umekusanywa polepole kwa zaidi ya miaka 150.

Pwani na misimu yake

Maji ya pwani hii ni ya kina kifupi. Wakati wa bamvua tofauti kati ya maji kujaa na kupwa hupita mita 3, na maji yakishatoka huacha wazi eneo kubwa la mchanga na tope. Mto Ruvu humwaga udongo wake baharini kaskazini ya mji wa Bagamoyo, na kando ya mlango wake imeota mikoko. Kando ya bahari kuna mashamba ya chumvi, na mbele ya Kunduchi kuna visiwa vya Mbudya, Pangavini na Bongoyo pamoja na fungu la mchanga liitwalo Fungu Yasini. Maeneo hayo manne yalitangazwa kuwa hifadhi za bahari mwaka 1975.

Shakwe hufuata maji. Yakijaa, hupumzika kwa makundi kwenye mafungu na kwenye kingo za mashamba ya chumvi. Yakipwa, hutawanyika kutafuta kaa, chaza na samaki waliokwama. Asubuhi, mashua na ngalawa zinaporudi, hukusanyika palipo na mnada wa samaki, ambako matumbo na vichwa vya samaki hutupwa majini. Shakwe aliyepotea njia naye hawezi kukaa peke yake kwa muda mrefu. Huvutwa na chakula kile kile na hujibanza kwenye kundi la wenzake wa karibu kimaumbile. Kwa sababu hiyo mgeni adimu karibu kila mara hupatikana katikati ya ndege wanaofanana naye, na hilo ndilo linalofanya kazi ya kumtambua kuwa ngumu.

Majira nayo yana neno lake. Pepo za kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, hulingana na msimu ambao shakwe wa Ulaya na Asia wapo kwa wingi. Wakati wa kusi wengi wao huwa wamekwenda kuzaa, wakabaki baadhi ya wachanga ambao bado hawajafikia umri wa kuzaa. Shakwe mwenye mgongo mweusi anayeonekana Julai anahitaji kuangaliwa kwa makini kuliko yule wa Januari, kwani shakwe wa kawaida wa kufananishwa naye ni wachache na uwezekano wa ndege wa kusini ni mkubwa zaidi.

Majina yalivyopatikana

Hakuna hata mmoja kati ya shakwe watano wa kawaida aliyepewa jina la kitaalamu kutokana na ndege wa Bagamoyo. Carl Linnaeus wa Sweden alimpa jina shakwe mgongo-mweusi mdogo mwaka 1758, na shakwe kichwa-cheusi mwaka 1766. Shakwe kichwa-kijivu alitajwa mwaka 1818 na Mfaransa Louis Vieillot, aliyetumia ndege wa Brazili, kwa kuwa aina hiyo huishi Amerika Kusini na Afrika pia. Wale wa Afrika walitengwa kuwa nususpishi mwaka 1837 na Mwingereza William Swainson.

Shakwe wa Hemprich ana historia ya huzuni. Wilhelm Hemprich na mwenzake Christian Ehrenberg walitumwa kutoka Berlin mwaka 1820 kukusanya mimea na wanyama wa Misri na nchi za Bahari ya Shamu. Hemprich alifariki kwa homa mjini Massawa mwaka 1825, akiwa bado kijana, na sehemu kubwa ya kazi yao haikuchapishwa kama walivyopanga. Mwaka 1853 Carl Friedrich Bruch wa Mainz, aliyekuwa akipanga upya shakwe wote waliojulikana, ndiye aliyempa ndege huyo jina la marehemu.

Theodor von Heuglin, Mjerumani aliyezunguka Sudan, Uhabeshi na Bahari ya Shamu, alisafiri pia katika bahari za Aktiki, akafika Spitsbergen mwaka 1870 na Novaya Zemlya mwaka 1871. Shakwe anayebeba jina lake huunganisha pande hizo mbili. Huzaa kwenye tundra ya kaskazini ya Urusi, na msimu wa baridi hukaa kwenye pwani za Uarabuni, Afrika Mashariki na magharibi ya Bara Hindi. Charles Robert Bree, daktari wa Kiingereza aliyeandika juu ya ndege, alichapisha jina hilo mwaka 1876, mwaka ule ule Heuglin alipofariki.

Hivyo kufikia mwaka 1876 shakwe watano wa kawaida wa pwani ya Bagamoyo walikuwa tayari na majina. Lililokosekana ni kujua ni yupi anayefika pwani hii, lini, na kwa sura ipi.

Bagamoyo, mlango wa bara

Katika nusu ya pili ya karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa kituo kikuu cha misafara ya bara. Richard Burton na John Hanning Speke walianza safari yao ya maziwa makuu kutoka eneo hilo mwaka 1857, na Speke akarudi kupita hapo na James Grant mwaka 1860. Wapagazi waliobeba nguo, shanga na bunduki kwenda Tabora na Ujiji walibeba pia, wakati wa kurudi, masanduku ya ngozi za ndege. Wakusanyaji walitafuta ndege wapya wa misitu na milima. Shakwe, ambaye jina lake lilikuwa tayari kwenye vitabu, hakuwa na mvuto wa namna hiyo.

Kulikuwa pia na sababu ya kazi yenyewe. Ili kuhifadhi ndege, mkusanyaji huchana ngozi ya tumbo, huondoa mwili wote, huacha fuvu, mifupa ya mbawa na ya miguu, hupaka ndani sabuni yenye aseniki ili wadudu wasiile, hujaza pamba, hushona, kisha hufunga miguu kwa kijikaratasi chenye tarehe na mahali. Ndege mdogo wa msituni humalizika upesi. Shakwe mkubwa ana mafuta mengi chini ya ngozi, na yasipokwanguliwa yote huendelea kutoka, huchafua manyoya meupe na mwisho huozesha ngozi. Katika joto na unyevu wa pwani kazi hiyo ilikuwa ya kuchosha kwa ndege aliyedhaniwa hana jipya.

Hasara kubwa zaidi ilikuwa ya rangi. Miguu ya shakwe ikiwa ya njano, kijani au waridi, hubaki hivyo ndege akiwa hai. Baada ya kufa hufifia, na ndani ya muda mfupi yote huwa ya hudhurungi iliyopauka. Rangi ya jicho hupotea kabisa, maana jicho huondolewa. Mdomo nao hubadilika. Hizo ndizo alama ambazo leo hutumika kwanza kutenganisha shakwe mkubwa mmoja na mwingine. Ngozi isiyo na maelezo yaliyoandikwa siku ile ile ndege alipouawa ilifika Berlin au London ikiwa imepoteza nusu ya ushahidi wake.

Kitabu kikubwa cha kwanza juu ya ndege wa eneo hili kilitoka mwaka 1870. Otto Finsch na Gustav Hartlaub walikusanya habari zote zilizojulikana kuhusu ndege wa Afrika Mashariki, zikachapishwa kama sehemu ya taarifa za safari za Carl Claus von der Decken, aliyeuawa kwenye mto Juba mwaka 1865. Baada yao alikuja Gustav Fischer, daktari aliyefika Zanzibar mwaka 1876, akakusanya ndege pwani ya kaskazini na kando ya mto Tana, na mwaka 1882 akaondoka Pangani kwenda nchi ya Wamasai hadi Naivasha. Ndege wake walipelekwa Berlin kwa Anton Reichenow, ambaye kwa miaka mingi ndiye aliyeamua jina la kila ndege aliyetoka upande huu wa Afrika.

Desemba 1889 aliingia Bagamoyo Emin Pasha, akiwa na Henry Morton Stanley. Emin, ambaye jina lake la kuzaliwa ni Eduard Schnitzer, alikuwa gavana wa Ikwatoria kusini mwa Sudan na mkusanyaji wa ndege aliyesifika kwa uangalifu wa maandishi yake. Usiku wa karamu ya kumkaribisha alianguka kutoka ghorofani na kuumia vibaya, akalazwa Bagamoyo kwa majuma mengi. Aprili 1890 aliondoka tena kwenda bara, safari hii akiwa mtumishi wa Wajerumani, pamoja na mwanasayansi Franz Stuhlmann. Mwaka 1891 makao makuu ya koloni yalihama Bagamoyo kwenda Dar es Salaam. Reichenow alitoa kitabu chake cha ndege wa Afrika Mashariki ya Kijerumani mwaka 1894, na kati ya 1900 na 1905 akatoa juzuu za kazi yake kuu kuhusu ndege wa Afrika nzima. Shakwe wamo katika vitabu hivyo, lakini kwa ufupi. Anayesoma kurasa hizo anapata orodha ya aina na mahali zilipopatikana, bila mwongozo wa kutenganisha ndege wawili wenye migongo myeusi waliosimama pamoja kwenye fungu moja.

Kutoka bunduki hadi darubini

Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kazi ya ndege nchini Tanganyika ilihamia kwa kiasi kikubwa Amani, kwenye milima ya Usambara, ambako Wajerumani walikuwa wameanzisha kituo cha utafiti mwaka 1902. Reginald Moreau alifika hapo mwaka 1928 kama mtumishi wa kituo, akageuka kuwa mmoja wa wataalamu wakubwa wa ndege wa Afrika. Sehemu kubwa ya kazi yake ya ukusanyaji ilifanywa na Salimu Asmani, aliyejua vizuri misitu na sauti za ndege. Moreau alivutiwa sana na ndege wanaohama, na kitabu chake cha mwisho, kilichotoka mwaka 1972 baada ya kifo chake, kinahusu uhamaji wa ndege kati ya Ulaya, Asia na Afrika. Uhamaji huo ndio unaowaleta shakwe wa kaskazini Bagamoyo.

Nje ya Afrika, maarifa ya shakwe yalipiga hatua mwaka 1925, Jonathan Dwight wa New York alipochapisha uchunguzi wa shakwe wote wa dunia. Dwight alifuatilia mabadiliko ya manyoya tangu kifaranga hadi ndege mzima. Ilionekana wazi kwamba shakwe wadogo hufikia sura ya utu uzima baada ya takribani miaka miwili, na wakubwa baada ya takribani minne. Kila umri una sura yake. Aina moja ya shakwe mkubwa, kwa hiyo, humjia mtazamaji katika sura nyingi, na mchanga wa aina moja hufanana na mchanga wa aina nyingine kuliko anavyofanana na wazazi wake.

Swali la shakwe wa Heuglin liligeuka kuwa gumu zaidi. Mwaka 1942 Ernst Mayr alieleza kwamba shakwe wakubwa wa kaskazini wameizunguka dunia kama mnyororo. Kila kundi huzaliana na jirani yake, lakini pale ncha mbili za mnyororo zinapokutana Ulaya, ndege huishi pamoja bila kuchanganyika. Katika mpango huo shakwe wa Heuglin alikuwa pingili ya kati. Baadhi ya waandishi walimweka upande wa shakwe wa fedha wa Ulaya, wengine upande wa shakwe mgongo-mweusi mdogo, na wengine wakamfanya aina inayojitegemea. Mwaka 2004 Dorit Liebers, Peter de Knijff na Andreas Helbig walichunguza chembe za urithi za shakwe hao na kuonyesha kwamba mnyororo ule haukuwa kama ulivyodhaniwa. Leo orodha nyingi humweka shakwe wa Heuglin chini ya shakwe mgongo-mweusi mdogo, ingawa si zote.

Mabadiliko hayo yaligusa pwani ya Bagamoyo moja kwa moja. Ndege yule yule, kwenye fungu lile lile, ameandikwa katika vipindi tofauti kwa majina tofauti. Mtu anayesoma rekodi ya zamani hawezi kujua kwa jina peke yake ni ndege gani aliyeonekana. Anaweza kujua tu ikiwa mwandishi alieleza pia rangi ya mgongo, miguu na mbawa.

Baada ya uhuru

Chama cha wapenda elimu ya viumbe cha Afrika Mashariki, kilichoanzishwa Nairobi mwaka 1909, kilianza mwaka 1977 kutoa jarida la ndege liitwalo Scopus. Mwaka 1979 ilichapishwa orodha ya ndege wa Unguja na Pemba iliyoandikwa na R. H. W. Pakenham, na mwaka 1980 kikatoka kitabu cha ndege wa Afrika Mashariki kilichohaririwa na Peter Britton. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na mizani ya kupimia: ni aina ipi ya kawaida, ipi ya msimu, na ipi ya nadra. Ndege wa nadra wakaanza kupelekwa mbele ya kamati ya rekodi adimu ya Afrika Mashariki, inayosoma maelezo ya mtazamaji na kuamua kama yanatosha.

Miaka hiyo hiyo ufundi wa kuwatambua shakwe wakiwa hai ulipata kitabu chake. Peter Grant wa Uingereza alitoa mwaka 1982 mwongozo uliowapanga shakwe kwa umri, manyoya kwa manyoya, na mwaka 2003 Klaus Malling Olsen na Hans Larsson wakatoa kitabu kipana zaidi. Kwa Afrika Mashariki vilitoka mwongozo wa Zimmerman, Turner na Pearson mwaka 1996, na ule wa Stevenson na Fanshawe mwaka 2002. Nchini Tanzania chama cha kuhifadhi wanyamapori, WCST, kilianzishwa mwaka 1988, na mradi wa atlasi ya ndege wa Neil na Liz Baker ukakusanya kumbukumbu kutoka kila pembe ya nchi. Mwaka 2002 WCST ilichapisha orodha yao ya maeneo muhimu kwa ndege nchini.

Kumbukumbu hizo zilionyesha kwamba nadra si hali ya kudumu. Shakwe kichwa-cheusi alikuwa ndege wa kuonekana mara moja moja Afrika Mashariki hadi kati ya karne ya 20. Kuanzia miaka ya 1970 alizidi mwaka hadi mwaka, na sasa ni wa kawaida wakati wa kaskazi. Waliompima vizuri alipokuwa bado mgeni ndio waliowezesha ongezeko hilo kuonekana.

Namna ya kumtenga mgeni

Utambuzi wa shakwe huenda kwa hatua. Kwanza huangaliwa majira, kisha umbo na ukubwa ukilinganishwa na ndege wa karibu, kisha umri, na ndipo rangi. Anayeruka hatua ya umri hukosea mara nyingi, kwa sababu mchanga wa aina ya kawaida hudhaniwa kuwa mzima wa aina adimu.

Kipimo cha kuanzia ni shakwe wa Heuglin mzima. Mgongo wake ni wa kijivu kilichoiva, na ncha za mbawa ni nyeusi zaidi ya mgongo. Miguu ni ya njano. Katika msimu wa kaskazi kisogo huwa na michirizi ya hudhurungi. Akinyoosha bawa mwezi wa Januari huonyesha jambo la kuangaliwa: manyoya makuu ya ndani ni mapya, meusi, yenye vidoa vyeupe kwenye ncha, huku ya nje yakiwa ya zamani, yamechakaa na kugeuka hudhurungi, au yakiwa ndiyo kwanza yanaota na kuacha pengo. Ndege huyu hubadilisha manyoya kwa kuchelewa, na kazi hiyo huendelea hadi Februari au Machi.

Shakwe mgongo-mweusi mdogo wa Ufini na nchi jirani ni mdogo zaidi na mwembamba. Mgongo wake ni mweusi hivi kwamba ncha za mbawa hazitofautiani nao, mbawa ni ndefu, hata hupita mkia akiwa amesimama, na mdomo ni mwembamba. Ndege waliofungwa pete na vifaa vya kufuatiliwa kwa satelaiti nchini Ufini wamefuatwa hadi Ziwa Viktoria.

Mgeni anayefanana nao zaidi ni shakwe wa kusini, Larus dominicanus, anayezaa Afrika Kusini na Namibia, na pia Madagaska. Ndege wa kusini mwa Afrika alipewa jina la nususpishi na Bruch yule yule mwaka 1853, na wa Madagaska alitengwa mwaka 2002 na Mfaransa Frédéric Jiguet. Mgongo wake ni mweusi kama wa shakwe mdogo wa Ufini, lakini mwili ni mzito, mbawa ni pana na fupi zaidi, na mdomo ni mnene wenye uvimbe kwenye ncha. Miguu ni ya kijani kilichofifia au kijivu, si ya njano inayong'aa. Jicho la ndege mzima wa kusini mwa Afrika ni jeusi, na kichwa hubaki cheupe mwaka mzima, bila michirizi ya kisogoni. Akiruka, ukingo wa nyuma wa bawa huonyesha ukanda mpana mweupe. Tena huzaa miezi ya mwisho wa mwaka, kwa hiyo kalenda yake ya manyoya haifuatani na ya wenzake wa kaskazini. Alama moja peke yake haitoshi. Mchanga wa Heuglin naye hana miguu ya njano, na macho meusi ni ya kila shakwe mchanga. Zikikutana zote kwa ndege mzima mmoja, shaka huondoka.

Katika kundi la shakwe wa Hemprich anaweza kujificha shakwe macho-meupe, ambaye makao yake ni Bahari ya Shamu na ghuba ya Aden. Shakwe wa Hemprich ana kichwa cha hudhurungi, mdomo mnene wa rangi ya manjano-kijani wenye pete nyeusi na ncha nyekundu. Shakwe macho-meupe ana kichwa cheusi kabisa, mdomo mrefu mwembamba wa wekundu ulioiva wenye ncha nyeusi, na mwezi mweupe juu na chini ya jicho. Shakwe wa Pallas, anayezaa Asia ya kati, naye ana pete nyeusi mdomoni, lakini ni mkubwa kupita wote, mgongo wake ni wa kijivu cheupe, na wakati wa kaskazi hubaki na kivuli cheusi nyuma ya jicho.

Kwa shakwe wadogo, jicho na bawa ndivyo vinavyoamua. Shakwe kichwa-kijivu mzima ana jicho la rangi nyepesi, na bawa lake chini ni la kijivu kilichokolea. Shakwe kichwa-cheusi ana jicho jeusi, doa jeusi nyuma ya jicho wakati asipozaa, na ukingo mweupe mbele ya bawa. Shakwe mdomo-mwembamba ana ukingo mweupe huo huo, ila paji lake ni la mteremko, shingo na mdomo ni virefu, jicho ni jepesi, na hana kofia ya rangi wakati wowote. Shakwe wa Franklin, anayezaa kwenye nyika za Marekani na Kanada na kwa kawaida husafiri kwenda pwani ya Peru na Chile, ana mgongo wa kijivu kilichokolea, nusu kofia nyeusi kichwani hata wakati asipozaa, na miezi minene meupe kuzunguka jicho.

Rekodi inayodumu

Rekodi ya shakwe adimu hukubaliwa ikiwa ina tarehe, mahali, muda wa kutazama, umbali, mwanga, ndege waliokuwa karibu, na maelezo ya kila sehemu ya mwili yaliyoandikwa kabla ya kufungua kitabu. Picha za dijitali zimerahisisha sehemu ya kazi hiyo, hasa picha ya bawa lililonyooshwa na ya miguu. Hata hivyo picha hupotosha rangi: mwanga mkali wa adhuhuri hufanya mgongo wa kijivu uonekane mweupe, na kivuli huufanya mweusi. Ndege wa kawaida aliyesimama kando ya mgeni katika picha ile ile ndiye kipimo cha kuaminika.

Hesabu ya ndege wa maji wa Afrika, inayofanywa kila Januari tangu mwaka 1991, hutoa nafasi ya kuwapitia shakwe wote wa pwani kwa mpango. Vituo vya Bagamoyo, Kunduchi na Saadani vinafaa kupitiwa tena wakati wa kusi, miezi ambayo watazamaji ni wachache na ndege wa kusini wanaweza kupita bila kuandikwa. Hesabu za namna hiyo hazina maana kama shakwe wote wenye migongo myeusi wanaandikwa kwa jina moja. Kwa kila kundi yapasa kuonyesha wangapi ni wazima, wangapi ni wachanga, na wangapi hawakutambuliwa.

Historia ya miaka 150 inatoa fundisho la wazi kwa anayeandika leo. Majina ya shakwe yamebadilika mara kadhaa na yataendelea kubadilika kadiri chembe za urithi zinavyochunguzwa. Ngozi za karne ya 19 zisizo na maelezo zimebaki kimya kuhusu rangi ya miguu na macho. Maelezo kamili ya ndege mmoja, yaliyoandikwa papo hapo na kuhifadhiwa, yanaweza kusomwa upya chini ya jina lolote, na kwa hiyo ndiyo sehemu ya rekodi inayostahili kuandaliwa kwa uangalifu mkubwa kuliko zote.